Nyumba Iliyosimama Ghafla Mbele ya Mtukufu

Habari hii ni ya kweli mwanzo hadi mwisho, haikutiwa chumvi wala ndimu. Mzee Shomvi Kondo ameiapia mara tatu: kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto, na mara ya tatu kwa mikono yote miwili, kikombe chake cha kahawa akiwa amekiweka chini. Mtu aliyekagua mizani ya sokoni miaka thelathini na mmoja hawezi kukosea uzito wa neno. Na elimu anayo. Fizikia aliisoma mwenyewe baada ya kustaafu, katika kitabu kisicho na jalada wala kurasa kumi na sita za mwanzo. Ndiyo maana ukimwuliza jambo la ukurasa wa kumi na saba na kuendelea anakujibu palepale. Ukimwuliza la kabla ya hapo, anakwambia hilo halina umuhimu.

Jinsi alivyofika nchi ya Utuo tusipotezeane muda. Alifika.

Mpakani alimkuta askari ameketi juu ya mto wa sufi.

"Wewe," askari akauliza bila kugeuza shingo, "umeijia nchi, au nchi imekujia?"

"Nimekuja mimi, kwa miguu yangu."

Askari akaandika kwenye daftari: *Mtu wa chini.*

Maana Utuo heshima ya mtu hupimwa kwa utulivu wake. Matarishi hutembea. Makarani hukaa. Wakuu wa idara hubebwa kwenye viti, na sheria inasema hawabebwi: ni sakafu inayopitishwa chini yao. Mahakimu hulala chali. Na juu ya wote yupo Mtukufu Asiyeondoka, ambaye tangu azaliwe hajawahi kwenda popote. Si kwamba hatoki. Anatoka kila wiki, tena kwa gari la punda wanne. Ila akitoka, yeye hasogei hata unyayo. Nchi ndiyo inayopita chini yake.

Mzee Shomvi alidhani wanamtania, mpaka karani mwenyeji wake alipompeleka zizini kuwaona punda. Kila mmoja alikuwa na nishani ya shaba shingoni.

"Hawa ndio watumishi pekee wa serikali wanaoruhusiwa kukimbia," karani alieleza. "Wanaisukuma nchi nyuma kwa kwato."

"Nchi nzima inarudishwa nyuma na punda wanne?"

"Na inarudi vizuri sana," karani akajibu kwa fahari.

Ukutani palibandikwa tangazo: *Kesho saa tatu asubuhi nchi itapita kuelekea magharibi, hadi kisima cha pili. Raia wafunge madirisha, wafunike vyungu, wazee washike nguzo.* Na kweli, jioni ile kulipokuwa na majaribio, Mzee Shomvi aliwaona watu wazima wamekumbatia nguzo za baraza zao. Akamsogelea bwana mmoja aliyekuwa ameshika nguzo kwa mkono mmoja na jogoo kwa mkono wa pili.

"Unasikia nchi inakwenda?"

"Sisikii kitu."

"Sasa umeshikilia nini, ndugu yangu?"

"Jirani yangu kashika," yule bwana akanong'ona. "Na yeye ndiye anayeandika majina ya wasioshika."

Nchi ikishapita, kila raia hupanga foleni agongewe muhuri kwamba naye amesafiri. Mtaani kwa karani palikuwa na mgonjwa ambaye hajatoka kitandani miaka kumi. Kitabu chake cha safari kilikuwa kimejaa mihuri hadi kwenye jalada, na vijana walikuwa wakienda kumwomba ushauri wa dunia.

Usiku huo mgeni alialikwa kula na Mtukufu. Mtukufu alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye macho makubwa ya mtu anayetamani kuuliza. Lakini kuuliza ni kusogeza ulimi, na ulimi ni kiungo, kwa hiyo maswali yote yaliulizwa na Waziri Nanga, msimamizi wa Utulivu wa nchi, mwembamba kama mti wa ufagio.

Mzee Shomvi, akiwa ameshiba, akafunguka. Aliwaambia kwamba hakuna aliyetulia hata mmoja. Dunia yenyewe inajizungusha kama pia, na aliye kwenye ikweta anazungushwa nayo zaidi ya kilomita elfu moja na mia sita kwa saa. Tena dunia hiyohiyo inalizunguka jua, kilomita kama thelathini kila sekunde. "Mtu anapiga chafya moja," alisema, "akifungua macho tumeshafika mbali."

Mtukufu aliacha kutafuna.

"Mbona chai haimwagiki?" Waziri Nanga akauliza.

"Kwa sababu tunakwenda sote pamoja, mheshimiwa. Chai, kikombe, wewe na kiti chako. Mwendo wa sawasawa, usio na mshtuko, aliye ndani yake hausikii."

"Kwa hiyo wawili wakipishana, mmoja hawezi kusema: mimi nimetulia, wewe ndiye unayekwenda?"

"Anaweza kusema. Na mwenzake naye anaweza kusema hivyohivyo. Mwendo ukiwa sawasawa, hakuna wa kuwaamua."

"Andika hiyo," Waziri akamwambia karani. Mzee Shomvi akavimba kichwa. Miaka thelathini na mmoja sokoni, hakuna aliyewahi kuandika alichosema.

Kesho yake akapewa heshima ya kupanda gari la Mtukufu. Mtukufu aliketi akitazama mashariki. Waziri Nanga aliketi mbele yake, uso kwa uso, mgongo kwa punda, maana Utuo hakuna anayeruhusiwa kumpa Mtukufu mgongo. Mgeni aliwekwa kwenye kibao cha pembeni. Juu ya magoti ya Mtukufu palikuwa na bakuli la supu ya makongoro, kwani hupenda kufungua kinywa huku nchi ikimpitia.

Mambo yalikwenda vizuri hadi walipokaribia kisima cha pili. Pale kando ya njia ilikuwapo nyumba ya udongo ya Bi. Zamda Mbega, mjane wa miaka sitini na kitu, muuza uji wa ulezi. Asubuhi ile uji ulikuwa jikoni unachemka. Punda wakapata harufu. Kwato kumi na sita zikakita chini kwa pamoja, na gari likasimama kama lililogonga ukuta.

Kilichotokea ndani ya gari wakati huo, na Mzee Shomvi alikuwa akifanya nini, hilo tutakuja kulisema. Alipotazama, Waziri Nanga alikuwa amejifunika joho hadi shingoni, uso umemwiva, na Mtukufu ameshika bakuli tupu. Nje, punda walikuwa wameshaingiza vichwa kwenye sufuria ya Bi. Zamda.

Kabla ya adhuhuri mashtaka yalikuwa tayari. *Kwamba wewe, Zamda binti Mbega, nyumba yako ilipokuwa ikipita vizuri kuelekea magharibi, uliisimamisha ghafla mbele ya Mtukufu, bila kibali wala ishara.* Adhabu: nyumba ivunjwe jioni ileile, na kiwanja kirudi serikalini.

Mahakama ilijaa. Mtukufu mwenyewe aliletewa ukumbi, yaani ukumbi ulipitishwa hadi ukamfikia. Hakimu Kisiki alilala chali juu ya meza ndefu, akiongea na dari.

"Mama, unasemaje?"

"Nasema nilikuwa nakoroga uji, baba hakimu," alisema Bi. Zamda. "Nyumba ile udongo wake nimeukanyaga kwa miguu hii, mimi na marehemu. Naye amelala nyuma ya nyumba, chini ya mkomamanga. Mkiichukua, nikalale wapi, na yeye nimwache na nani?"

"Hatuulizi utalala wapi," Waziri Nanga akadakia, joho lake limembana hadi kidevuni ingawa joto lilikuwa kali. "Tunauliza kwa nini uliisimamisha."

"Ina nguzo kumi na mbili ardhini! Ingekwenda na nini?"

"Na ardhi."

Watu wakacheka. Bi. Zamda akawangoja wamalize.

"Haya. Ndani nina mtungi wa maji. Leo asubuhi ulikuwa umejaa hadi mdomoni, hauongezeki tone. Karani wenu alikuja kuandika vitu vyangu akaukuta umejaa vilevile, sakafu kavu. Nyumba isimame ghafla, maji yatulie? Maji gani hayo?"

Minong'ono ikapita ukumbini. Mzee Shomvi aliyekuwa kwenye benchi la wageni akataka kupiga makofi. Lakini Waziri Nanga alikuwa akitabasamu. Akamwashiria karani, naye akafungua daftari, akasoma kwa sauti: dunia inakwenda kilomita thelathini kila sekunde, na chai haimwagiki, maana mwendo ni wa sawasawa.

"Maneno ya mgeni wetu msomi," alisema Waziri. "Kama dunia nzima inakwenda kasi hiyo na chai imetulia kikombeni, mtungi uliotulia unathibitisha nini? Haunithibitishii kama nyumba haikuwa ikienda!"

"Mgeni, ulisema hivyo?" Hakimu aliiuliza dari.

"Nilisema, mheshimiwa, lakini..."

"Lakini haimo humu," karani akasema, akifunga daftari.

Mzee Shomvi aliona benchi linamchoma. Nyumba ya watu inavunjwa, na nyundo ameileta yeye. Akamtazama Bi. Zamda akitegemea kuona chuki, akakuta mama wa watu amekunja uso anafikiri, kama anayeonja uji kujua umekosa nini.

"Hebu ngojeni," akasema Bi. Zamda. "Mgeni kasema mwendo wa sawasawa, au sikusikia?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," karani akakiri.

"Basi anasema kweli. Mimi nimebeba uji kichwani miaka ishirini na miwili. Nikishika mwendo wangu hautikisiki, naweza hata kuongea na mtu njiani. Ila nikianza kwa pupa, unanimwagikia mgongoni. Nikisimama ghafla, unanimwagikia usoni, makovu ninayo. Uji haujali mwendo. Uji unajali kushtushwa. Sasa ninyi hamkunishtaki kwa kwenda, mmenishtaki kwa kusimama ghafla. Basi chagueni. Kama nyumba haikusimama ghafla, sina kosa. Kama ilisimama, nionyesheni tone lililomwagika."

Hakimu Kisiki akakohoa. Kwa mtu wa cheo chake hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Waziri?"

Waziri Nanga alikwama kidogo tu. "Kwake halikumwagika tone, sawa. Lakini ndani ya gari la Mtukufu nako halikumwagika tone. Ushahidi umelingana. Na ukilingana, neno la serikali ndilo zito."

"Ni kweli garini hapakumwagika kitu?" Hakimu akauliza. "Waliokuwamo ni watatu. Mtukufu haulizwi. Mgeni, simama."

Basi ikawa hivyo: nyumba ya Bi. Zamda, mkomamanga na aliye chini yake, vyote vikategemea kile alichokiona Mzee Shomvi garini. Na Mzee Shomvi hakuona kitu. Alijua tu kwamba bakuli lilikuwa limejaa, kisha likawa tupu. Mtu mwingine angesema hilo, akaketi. Yeye alipoona ukumbi mzima umemtolea macho, kitu kikamwasha kooni.

"Nimeona," akasema. "Kwa macho haya mawili. Supu ilimwagika."

"Wapi?"

Hapo angeweza kukomea. Hakukomea.

"Iliruka juu, mheshimiwa, kama samaki. Ikageuka hewani. Ikarudi nyuma ikamtua Mtukufu kifuani, ikampanda hadi ndevuni! Na kongoro moja likamning'inia hapa kidevuni, linacheza kama kengele."

Ukumbi ukashika mdomo. Mama mmoja nyuma akasema, "Yesu na Maria!" na mwingine akasema, "Subhana!"

"Mwongo!" Waziri Nanga alipiga kelele hadi dari ikarudisha. "Mwongo wa kutupwa! Ndevuni kwa Mtukufu haikufika hata harufu! Supu haijui kurudi nyuma, mpumbavu wee! Ilikwenda mbele! Ilitoka bakulini ikanyooka mbele kama mkuki, na aliyeipokea ni mimi, kwa kifua hiki, ya moto, na sikutikisika! Sikutikisika hata kope!"

Akalifungua joho lake kwa mikono miwili.

Kanzu ilikuwa nyeupe pembeni. Katikati, kuanzia kifuani hadi kitovuni, ilikuwa na ramani ya mafuta ya makongoro, na bizari, na jani moja la kotimiri.

Waziri alikaa amepanua joho, kifua mbele, akingojea asifiwe. Ilimchukua muda kuona kwamba hakuna anayemtazama yeye. Walikuwa wanatazama kanzu.

"Ahsante, baba," Bi. Zamda akasema taratibu. "Tone langu hilo nimeliona."

Ndipo Hakimu Kisiki akafanya jambo ambalo Utuo halijapata kuonekana. Aliinua kichwa kutoka mezani, akatazama.

"Mtungi wake haukumwaga," akasema, akihesabu kwa vidole. "Bakuli lenu limemwaga. Supu imekwenda mbele, mashariki, walikokuwa wakielekea punda. Kitu kilichotulia hakiachi bakuli chenyewe kikaenda mashariki. Supu ilikuwa inakwenda. Bakuli lilizuiwa, supu haikuzuiwa. Kilichosimama ghafla ni gari."

"Kwa hiyo..."

Watu wote wakageuka. Sauti ilikuwa ngeni, nyembamba, kama mlango ambao haufunguliwi mara kwa mara. Ilikuwa ya Mtukufu.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama?"

Hakuna aliyejibu, maana hapakuwa na utaratibu wa kumjibu.

"Na kabla ya kusimama, nilikuwa ninakwenda?"

"Ulikuwa unakwenda, baba," akasema Bi. Zamda. "Tena mbio. Kuku wangu wawili mpaka sasa wako paani."

Mtukufu akayatazama magoti yake kwa muda mrefu.

"Nilipokuwa na miaka saba niliona ziwa," alisema. "Kubwa, halina ng'ambo. Wakaniambia limeletwa nilione, kisha likarudishwa. Nililia sana kwa kuwa wamelirudisha." Akapangusa jicho kwa ncha ya kilemba. "Kumbe nililiendea mwenyewe. Kumbe liko palepale."

Hakimu akatoa hukumu akiwa amekaa kitako, na walioshuhudia wanasema ilimpendeza. Nyumba ibaki. Kiwanja kibaki. Serikali imrudishie Bi. Zamda uji ulioliwa na punda. Na kuhusu jina la Mtukufu Asiyeondoka, suala hilo lipelekwe kwenye kamati, nayo kamati ikae. Na kwa kukaa, Utuo hawana mpinzani.

Bi. Zamda alitaka kupiga vigelegele, akaishia kukaa chini na kulia. Watu wakaanza kumtoa nje kwa shangwe. Mzee Shomvi naye akanyanyuka kuwafuata, akijipangia moyoni jinsi atakavyosimulia: yeye katikati, Waziri miguuni pake.

"Shahidi abaki," Waziri Nanga akasema.

Shahidi akabaki.

"Alisema iliruka juu. Alisema ilirudi nyuma. Alisema ndevu. Alisema kengele. Mheshimiwa hakimu, huyu mtu aliona, au hakuona?"

Hakimu Kisiki akamtazama Mzee Shomvi, na macho ya mtu aliyetazama dari miaka kumi na tisa ni mazito.

"Mzee mwenzangu. Uliona?"

"Sikuona, mheshimiwa. Nilikuwa nimeinama natafuta tende. Nilikuwa nimeiweka juu ya kibao, gari liliposimama ikaniponyoka."

"Uliipata?"

"Niliipata. Ilikuwa imebingirika mbele yenyewe, hadi kwenye kiatu cha Waziri."

Hakimu akafumba macho, kama mtu anayevumilia maumivu ya jino.

"Ungesema hiyo tende tu," akasema, "ingetosha."

Kosa la kusingizia supu lina adhabu yake katika sheria za Utuo, kifungu kidogo lakini kipo: aliyeipeleka supu mahali ambapo haikwenda ataiondoa mahali ilipokwenda. Wakamletea beseni, kipande cha sabuni na brashi ya nguo. Akaomba apewe hiyo kanzu akaifulie kisimani. Karani akatikisa kichwa. Mtu wa cheo cha Waziri habadili nguo kabla jua halijazama, kwa kuwa kuvua ni mwendo, na kuvaa ni mwendo wa pili.

Kwa hiyo Waziri Nanga aliwekwa uani, wima ndani ya beseni, mikono imenyooshwa. Mzee Shomvi akapandisha mikono ya shati, akapiga magoti, akaanza kusugua mafuta ya makongoro, na mwenye kanzu yumo ndani.

"Hapo bado," Waziri akasema, akitazama mbele. "Chini kidogo. Tia nguvu, mzee. Lakini usinitikise."